Macho Meupe ya Jiwe Jeusi

Ganzi ilikuwa bado imelishika shavu la kushoto la Inspekta alipoingia ofisi ya madini. Alipomsalimia mlinzi mlangoni, mate yalimponyoka yakamchuruzika hadi kidevuni. Asubuhi hiyo alikuwa amemwachia daktari wa meno gego zima na nusu ya uvumilivu wake. Daktari alimwambia aende nyumbani akalale. Mkuu wa kituo alimwambia jambo jingine kabisa: jalada la marehemu Mwalimu limfikie mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, na kesho mtuhumiwa asomewe shtaka la kumuua baba yake.

Mtuhumiwa alikuwa mtoto pekee wa marehemu, kijana mpasua mawe machimboni. Polisi walimkuta ameketi kwenye sakafu ya jiko la nje, kando ya maiti, mikono juu ya magoti. Mchana wa siku hiyo hiyo jirani aliwasikia baba na mwana wakifokeana, ugomvi wao wa siku zote, kwamba mtoto wa mwalimu hapaswi kula vumbi la machimbo. Kisha daktari aliyepasua maiti akatoa kwenye jeraha la kichwani kipande cha jiwe jeusi, kidogo kama punje ya harage. Kijana anapasua mawe meusi, na kipande ni cha jiwe jeusi. Mkuu wa kituo akajumlisha hayo mawili, akapata kitanzi, na hakuona haja ya kuhesabu tena.

Inspekta naye asingehesabu tena, kama si jambo moja. Siku alipomwonyesha kijana kipande kile ndani ya mfuko wa nailoni, kijana alikuwa akijitetea kwa nguvu, akiapa kwamba aliondoka baba yake akiwa mzima na aliporudi alimkuta kashakata roho. Akakitazama kipande. Akakisogeza karibu na dirisha, akakitazama tena, kisha akakirudisha mezani taratibu. Tangu hapo akawa na sentensi moja tu: "Andikeni mnavyotaka." Mtu mwenye hatia akiona kidhibiti hubabaika au hulia, Inspekta aliwaona wengi. Huyu alizima, basi, taa haiwaki tena.

Mjiolojia wa ofisi ya madini alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na ofisini kwake walimwita Mama Mawe. Alimtazama Inspekta kutoka juu hadi chini.

"Umepigwa?"

"Nimeng'olewa jino."

"Basi kaa mbali kidogo, usinidondoshee mate kwenye meza."

Akakipokea kipande, akakiweka kwenye karatasi nyeupe, akakigeuza kwa ncha ya sindano.

"Kwanza tuhakikishe kwamba ni jiwe," akasema.

"Linaweza lisiwe jiwe?"

"Huku huletewa kila kitu. Juzi mtu kaniletea lami kavu, anasema ni kimondo. Na wengi huniletea mavi ya chuma, yale makapi ya kiwanda cha kuyeyushia. Meusi, magumu, yana matundu. Ukiyaona utaapa ni mawe."

Inspekta akakaa sawa. Nyuma ya nyumba ya Mwalimu, ng'ambo ya ukuta, kulikuwa na karakana ya kuyeyusha vyuma. Kwa dakika chache akili yake iliruka ukuta ule, ikaanza kuwakamata mafundi wa karakana mmoja mmoja.

"Rudi hapa," Mama Mawe akamwambia, kama aliyeyaona mawazo yake. "Mavi ya chuma yakivunjika hung'aa kama chupa. Hili palipovunjika limefifia. Chembe zake ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu kwa jicho, lakini kwenye lenzi zipo." Akachukua kijisumaku kilichoning'inia kwenye uzi, akakisogeza. Sumaku ikaegemea kipande kidogo tu, kwa uvivu. "Lina chembechembe za chuma. Jeusi, zito, chembe ndogo, linavuta sumaku kidogo. Hii ni basalti, afande. Jiwe la volkano, tena la kawaida kuliko yote. Sakafu za bahari zimejaa hili."

"Kwa hiyo ni la machimboni."

"Nani kasema?"

Akavuta droo, akatoa bonge lenye kibandiko, akalibwaga mkononi mwa Inspekta. Mkono ulishuka kwa uzito. "Hilo ndilo la machimbo ya kijana wako. Basalti vilevile. Litafute tundu hata moja."

Inspekta akaligeuzageuza. Lilikuwa jeusi na limeshikamana kila upande, bila tundu hata la kupita sindano.

"Sasa chungulia lako."

Akamsogezea lenzi. Kwenye weusi wa kipande kulikuwa na vidoa vyeupe vya mviringo, vingine vidogo kama mbegu za ufuta. Kimoja kilikuwa ukingoni, kimekatika katikati kama yai la kuchemsha lililopigwa kisu.

"Lava ikitoka ardhini huwa inatokota kama uji," Mama Mawe akaeleza. "Mapovu hupanda juu. Juu panapoa upesi, mapovu yanakwama, panabaki matundu. Chini na katikati panapoa polepole, hewa imeshatoka, jiwe linafungamana. Machimbo yale wanachimba katikati. La juu lilishaliwa na mvua kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Hilo lako limetoka juu, kwenye mkondo mwingine, sehemu nyingine."

"Na haya macho meupe?"

"Maji yalipita kwenye matundu miaka na miaka, yakayajaza chokaa. Subiri." Akapiga picha kipande pande zote, kisha akachovya sindano kwenye kichupa cha asidi na kugusa kijidoa kimoja mbali na lile jicho la ukingoni. Chiii. Povu jeupe likapanda, likatulia. Alipolifuta, palipokuwa na jicho palikuwa na tundu tupu. "Umeona? Chokaa huliwa na asidi. Jiwe lenyewe wala halina habari."

Inspekta alifuta mate kidevuni. "Jiwe la hivi mtu analitumia kwa kazi gani?"

"Kokoto halifai. Kujengea ni hasara. Ila kusagia, hapo ndipo penyewe. Matundu yanalifanya likwaruze, na likilika yanafunguka mengine. Bibi yangu alikuwa nalo, na nyama ya kidole changu kimoja ilibaki huko."

Inspekta hakucheka, kwa sababu shavu halikukubali na kwa sababu nyingine. Kwenye picha zilizopigwa siku ya mauaji, nyuma ya kichwa cha Mwalimu, karibu na beseni la vyombo, kulikuwa na jiwe la kusagia. Hakuna aliyelitazama. Wote walikuwa wakimtazama kijana.

*

Mjane wa Mwalimu alimkaribisha bila kuinuka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni akikunja mashati ya marehemu. Alipoyamaliza aliyakunjua yote, akaanza upya.

"Pole, mama," Inspekta alisema.

"Nishapoa."

Aliisema kama mtu anayetaja saa. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akilia, na majirani walikuwa wameshaanza kulinong'ona hilo. Inspekta aliketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Unakula lakini?"

"Nakula. Nasaga, napika, nakula. Kila kitu kina mchanga. Ukitafuna, mchanga. Shemeji naye alilalamika, nikamwambia avumilie, msiba ndivyo ulivyo." Akalaza shati jingine. "Mdomo wako umefanya nini?"

"Ganzi. Nimeng'oa jino."

"Ganzi ni nzuri," akasema mjane, na akaendelea kukunja.

Inspekta aliuliza kuhusu siku ile. Mjane alikuwa kliniki, foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi aliwakuta polisi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa vigae anayeishi chumba cha uani, ndiye aliyewaeleza polisi kwamba kijana hufanya kazi machimboni. Yeye mwenyewe alisema alikuwa kwa mteja akijenga bafu. Mteja hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, maana mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mama yao. Mzee alikuwa ameshampata wa kuinunua, tuhamie shambani tukafe taratibu. Asubuhi ile alimwambia mdogo wake atafute chumba."

"Alikasirika?"

"Alicheka. Shemeji hucheka kila kitu."

"Na jiwe la kusagia, mama, ni la nani?"

Mikono ya mjane ikasimama juu ya kola. "Langu. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Ni mawili, mama na mwana. Mama analala chini, mwana anashikwa mkononi."

"Nani mwingine hulishika?"

"Nani atalishika? Mwanamume gani hushika jiwe la kusagia?"

"Mwanao?"

Mjane alilikunjua shati, akaanza upya. Inspekta alitambua hapo hapo kwamba tangu aingie, mwanamke huyu hajamuuliza habari za mtoto wake, hata kama anapewa blanketi.

Jiko la nje lilikuwa limedekiwa. Inspekta alichuchumaa. Jiwe la chini lilikuwa pana, jeusi, limelika katikati, na limejaa macho meupe kama yale ya kwenye lenzi. Akalinyanyua la mkononi, akalipeleka kwenye mwanga. Lilikuwa zito kiasi cha kuua, urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha za vidole. Weusi ule ule, chembe zile zile. Lakini halikuwa na jicho jeupe hata moja. Kila palipostahili kuwa na jicho palikuwa na tundu tupu, na kuta nyembamba za matundu zilimeguka kwa kidole, zikaacha vumbi jeusi kwenye kiganja. Huo ndio mchanga aliokuwa akiutafuna mjane na kuuita msiba.

Kwenye ncha moja palikuwa na kovu jipya. Inspekta akatoa kipande mfukoni kwa kibano, akakiegesha. Kiliingia kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nusu ya jicho iliyokuwa kwenye kipande ilikuwa nyeupe, imejaa. Nusu yake ya pili, kwenye jiwe, ilikuwa shimo.

Basi kipande kilichotangulia kuingia kichwani mwa Mwalimu kilinusurika, na jiwe lililobaki nje likaoshwa kwa asidi.

"Mama," aliita, "jiwe hili unaliosha kwa kitu gani?"

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. "Maji na brashi. Sabuni siitii, itabaki kwenye chakula."

Mwenye jiko hawezi kulitia asidi jiwe analosagia mlo wake. Mpasua mawe naye ana nyundo na patasi, asidi ni ya nini? Inspekta akageuza macho kuelekea chumba cha uani. Kwenye kibaraza kulikuwa na maboksi ya vigae, ndoo zenye saruji iliyoganda, na dumu la njano lililofungwa mdomo kwa kitambaa.

*

Fundi Vigae alirudi jua likiwa bado kali, amebeba mfuko wa zana begani, na kicheko kikamtangulia getini.

"Afande! Mbona mdomo umehamia kushoto? Shemeji kakuchapa?"

"Jino, fundi."

"Ungekuja kwangu, ninayo koleo."

Inspekta akacheka kwa upande uliokuwa hai, akaketi kwenye boksi la vigae kama mtu aliyechoka. Konstebo aliyekuja naye alikuwa getini, akijifanya anazungumza na simu.

"Nikuulize la ufundi," Inspekta akasema. "Nyumbani nina ngazi ya jiwe. Imeingia doa, mke wangu hanipi amani. Niioshe kwa kitu gani?"

"Jiwe gani?" Fundi aliuliza papo hapo, na uso wake ukawa na heshima ya kazi. Watu wengi hupenda kuulizwa wanachokijua. "Kama ni marumaru, usithubutu asidi. Marumaru ni chokaa tupu, itachemka kama soda, utaharibu."

"Si marumaru. Ni jiwe jeusi. Basalti, wanaliita."

"Aa, jeusi! Jeusi halina neno. Wengine wanaogopa bure. Sisi tukimaliza kupanga tunaosha ukungu wa saruji kwa asidi, vigae vinatoka kama vioo. Jiwe jeusi ni hivyo hivyo. Limwagie, acha povu litulie, suuza kwa maji mengi. Doa kwisha, hata liwe la damu."

Inspekta alichomoa kitambaa, akafuta kidevu bila haraka.

"Sikukwambia ni doa la nini."

"Nimetoa mfano tu, afande."

"Sawa, mfano. Lakini nieleze kitu kimoja, mimi si fundi. Marumaru huchemka kwa sababu ni chokaa. Jiwe jeusi halina neno na asidi, umesema mwenyewe. Sasa hilo povu la kusubiri litulie, linatoka wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Kicheko kilikuwa bado kimekaa usoni pake, kimesahauliwa hapo.

"Saruji," akasema. "Uchafu wa saruji."

"Ngazi yangu haina saruji. Na jiwe la shemeji yako halina saruji. Lilikuwa na chokaa kwenye matundu, na wewe hukujua, kwa kuwa hujawahi kulishika kabla ya siku ile. Ulipolimwagia asidi likakuchemkia mkononi. Ulishangaa, eh? Jiwe jeusi linachemka. Tangu siku hiyo umeongeza kwenye mafunzo yako, subiri povu litulie."

Akamtolea jiwe kwenye mfuko wa vielelezo. Fundi alilitazama kama wafanyavyo mafundi wakionyeshwa kazi yao iliyoharibika.

"Nilidhani nimelisafisha vizuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulilisafisha kupita kiasi. Una haki ya kukaa kimya. Utakachosema kitaandikwa."

"Aliniambia nitafute chumba," Fundi akasema. "Nyumba ya mama, nitafute chumba. Nikacheka. Mchana nikarudi nimwombe, nikamkuta jikoni ananawa, ametoka kugombana na mtoto. Hata hakugeuka. Akasema, na vigae vyako ondoa." Aliinyoosha mikono bila kuambiwa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa asidi, kama vya mafundi wote wa kazi yake. "Sikujua mtoto atarudi. Wallahi sikujua."

"Lakini aliporudi, ukatuambia anafanya kazi machimboni."

Konstebo alisogea na pingu.

Mjane aliyasikia yote akiwa mlangoni mwa jiko. Shemeji yake alipopitishwa mbele yake hakumtukana wala hakumtemea mate. Alimuuliza tu, "Na ulikaa ukala?"

*

Kituoni, ganzi ilianza kumtoka Inspekta, na maumivu yakaanza kubisha hodi kwenye taya. Mkuu wa kituo alilipokea jalada jipya, akalisoma hadi mwisho, akasema "Haya," kama mtu aliyebadilishiwa kiti tu.

Inspekta alikwenda mahabusu mwenyewe. Kijana alikuwa ameketi vile vile walivyomkuta siku ya kwanza, mikono juu ya magoti.

"Inuka. Unakwenda nyumbani."

Kijana hakuinuka. "Mmemkamata?"

"Tumemkamata."

Uso wa kijana ukasinyaa. "Ni mtu mzima, afande. Ana presha. Niandikeni mimi. Nilishasema mwandike mnavyotaka."

Inspekta alichelewa kuelewa. "Ulilitambua jiwe," akasema hatimaye. "Yale macho meupe. Ulijua ni la mama yako."

"Nimekua nikiliona tangu mdogo. Siku ile nililikuta limelowa, linanuka. Nani mwingine analishika?"

"Tumemkamata baba yako mdogo."

Kijana alimtazama. Hakufurahi, hakulia. Aliondoa tu mikono juu ya magoti, akainuka.

Kwenye korido ya mapokezi mjane alikuwa kwenye benchi. Gari la polisi ndilo lililomleta, Inspekta alimwagiza dereva. Mjane alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

"Anatoka sasa hivi," Inspekta alimwambia. Kisha, kwa kuwa jino lilikuwa limeanza kuuma na maumivu humwondolea mtu adabu, akauliza, "Mama, tangu tumweke ndani hujaja kumwona. Kwa nini?"

"Ningekuja kumwambia nini?" Mjane alikuwa akitazama ukuta wa mbele yake. "Walimkuta pale. Jirani kasikia. Niliamini, afande."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Kijana akatoka, ameshika mkanda na kamba za viatu vyake mkononi. Alimwona mama yake, akasimama. Mama akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko iliyohitajika, na kijana akaketi mwisho wa upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaanza kufunga viatu. Mama alimtazama akipitisha kamba kwenye matundu, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa amemdhania nini. Inspekta alisimama pale akiwa ameshika shavu, maumivu sasa yamefika hadi sikioni, akisubiri waondoke ili naye aende nyumbani. Hawakuondoka. Viatu vilikwisha kufungwa, na bado walikuwa wameketi.